Baruti ya Mtutu Mrefu

12 Juni

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Sijamwambia Bibi, wala Mama alipopiga simu jana kutoka huko walikokwenda na Baba kuvuna ngano za watu. Nimeharibu baruti ya Babu, na yeye hajui.

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipunguzie.

Babu yangu, Verl Tollefson, hujaza risasi zake mwenyewe. Hapa Montana wazee wengi wa shabaha hufanya hivyo, kwa sababu kila bunduki ina chakula chake, na ukiilisha kingine inakutia aibu mbele za watu. Majira ya baridi yaliyopita alimpelekea fundi bunduki yake ikafungwa mtutu mpya, mrefu ajabu, kwa ajili ya mashindano ya yadi elfu mwezi wa Agosti. Mtutu mrefu unataka baruti inayoungua polepole, ili iendelee kuisukuma risasi mpaka inatoka mdomoni. Baruti yake ya miaka yote, anayoiita Kongwe, inaungua haraka. Ilifaa mtutu wa zamani. Kwa hiyo yeye na rafiki yake Orrin Pruitt waliagiza nyingine, ya polepole, na kwa vile imeadimika kila mahali waliisubiri karibu mwaka mzima. Yakaja makopo mawili makubwa yaliyotengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja, moja la Orrin, moja letu. Babu anaiita Mgeni. Kiangazi hiki anazijaribu zote mbili, Kongwe na Mgeni, aone mtutu mpya utachagua ipi.

Kwenye meza ya kujazia risasi, huko bandani, kuna sheria iliyo juu ya sheria zote: kopo moja tu mezani. Ukitaka la pili, la kwanza lirudi kabatini na mlango ufungwe. Baruti zote mbili ni vijiti vyeusi vidogo, kama mkaa wa penseli uliokatwakatwa. Ukizichanganya hakuna macho yanayoweza kuzitenganisha tena.

Jana Babu alitoka kwenda kuhamisha mabomba ya maji shambani. Nilitaka akirudi akute risasi za Kongwe na za Mgeni ziko tayari, zimepangwa, anisifu. Nikaweka makopo yote mawili mezani. Bibi akaita chakula. Nikaharakisha, nikamimina baruti iliyobaki kwenye kipimio, kile chombo kinachogawa baruti, ndani ya kopo la Mgeni, nikakaza kifuniko. Ndipo nikaona kipande cha utepe ambacho Babu alikibandika kwenye kipimio asubuhi ile kwa mkono wake: KONGWE.

Ilikuwa kiasi cha kikombe cha chai. Kinachopaswa kufanywa, hata mtoto wa klabu yetu ya shabaha anakijua: kopo zima linamwagwa nyasini. Mimi nililirudisha kabatini, nikanawa mikono, nikaenda kula viazi.

Ufunguo wa kabati hilo ninao mimi, shingoni. Nilipomaliza shule mwezi uliopita watu walinipa kadi na keki. Babu alinipa ufunguo. Baba yangu hajawahi kupewa.

13 Juni

Mvua. Sikusema.

16 Juni

Mvua tena, na mawe madogo madogo. Bibi ameifunika bustani kwa shuka. Nimejiambia kwamba kikombe kimoja katika kopo kubwa vile si kitu. Najua si kweli.

21 Juni

Leo tulikwenda uwanjani kujaribu. Orrin Pruitt alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, na chupa yake ya kahawa imesimama kati ya viatu. Ni mtu mrefu mwenye pua kubwa, na tangu nimjue hajawahi kumsalimu Babu kwa salamu ya kawaida.

“Verl, hiyo ni bunduki au umeng’oa bomba la maji la mama watoto?”

“Bunduki.”

“Kwa urefu huo usijisumbue kufyatua. Sogea tu mbele kidogo, uiguse shabaha.”

“Afadhali wangu umerefuka mtutu,” Babu akasema. “Wako ni ulimi.”

Alianza na Kongwe. Risasi zilikaa karibu karibu kama kuku wakati wa mvua, lakini kipima mwendo kilionyesha zinakwenda kivivu. Kwa yadi elfu zingefika zimechoka, na upepo ungezichezea utakavyo. Kisha akaingia Mgeni. Ya kwanza ikaenda juu. Ya pili chini. Ya tatu juu kuliko ya kwanza. Ya nne, komeo la bunduki likawa gumu kufunguka, ikabidi Babu aligonge kwa kiganja. Akalitazama ganda lililotoka, akalipindua, akalitazama tena.

“Moto umezidi hapa,” akasema. “Nitakuwa nimesoma mizani vibaya.”

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikishika darubini. Mtu angenitazama usoni angejua yote, lakini watu hawanitazami sana usoni, na siku zote nimefurahi hivyo.

Kwenye gari Babu akasema, “Kuanzia kesho utapima wewe. Macho yako ni mapya.”

22 Juni

Nimepima. Kila chembe. Babu amepunguza kiasi ili moto usizidi tena. Nimejiambia kwamba sasa angalau hataumia. Ndiyo maneno niliyoyapata.

28 Juni

Juu, chini, juu. Hakuna komeo gumu, lakini shabaha inaonekana kama ngazi. Babu amelaumu upepo, ingawa bendera zilikuwa zimelala. Baadaye akalaumu mtutu, akampigia fundi, na fundi akamwambia mtutu huo na wa Orrin ilitoka katika fimbo moja ya chuma.

3 Julai

Babu amekwenda mjini kwa daktari wa macho. Alivaa shati la kanisani. Daktari amesema macho yake ni ya mzee wa miaka sabini na minne, na kwa mzee wa miaka sabini na minne ni mazuri.

“Basi si macho,” akasema mezani.

Bibi akampa mkate. “Basi furahi.”

“Nimefurahi,” akasema, na hakula.

4 Julai

Fataki mjini kwa ajili ya sikukuu. Sikutaka kwenda. Nilikwenda.

11 Julai

Orrin amepiga leo kwa Mgeni. Yeye hujaza baruti mpaka ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa, amekuwa hivyo siku zote. Babu humwambia siku moja utatupigia risasi na nyusi pamoja. Risasi zake zote ningeweza kuzifunika kwa kiganja changu.

Hakumtania Babu, na hilo lilikuwa baya kuliko utani. Alikuja akasimama kando yake, akamimina kahawa, akampa.

“Labda kitako cha bunduki yako kimelegea,” akasema.

“Nimekikaza.”

“Labda darubini.”

“Nimebadilisha.” Babu akanywa kahawa. “Baruti ni ile ile, Orrin. Mkupuo ule ule. Mtutu ni ndugu wa mtutu wako. Anayepima ni Britta, na Britta hakosei. Kilichobaki ni mtu aliyelala nyuma ya bunduki.”

Orrin akatazama shabaha kwa muda mrefu.

Sheria ya klabu inasema risasi mbaya zitafutiwe sababu mpaka ipatikane. Babu amezitafuta zote. Moja tu haikumjia akilini, kwa sababu nyumbani kwake haitokei.

14 Julai

Tulikuwa tunavunja maharage mabichi barazani, mimi na Bibi. Jina lake LaVonne, na anajua kunyamaza mpaka mtu aseme. Safari hii alisema yeye.

“Umeona babu yako anavyoshika kikombe siku hizi?”

“Kwa mikono miwili.”

“Hatetemeki. Nimemwangalia sana, hatetemeki hata kidogo. Anashika ili ajipime kama anatetemeka.” Akavunja harage. “Baba yake alianza kwa mikono kutetemeka, akaishia hawezi kufunga kifungo. Hasemi, lakini najua ndiko anakowaza.”

Nilisema naenda chooni. Nilikaa huko mpaka akaniita.

20 Julai

Leo niliazimia. Nilikwenda bandani asubuhi kabla sijanywa chai. Babu alikuwa anasafisha mtutu kwa ufito mrefu, anaenda na kurudi taratibu, kama anavyofanya akiwa na mawazo. Nilikuwa nimeyapanga maneno: Babu, tarehe kumi na moja mwezi wa sita nilifanya kosa. Ni maneno machache tu.

“Babu.”

“Karibu, mama. Nilikuwa nakuwaza.” Akatoa ufito, akakitazama kitambaa. “Nilitaka kukwambia kitu. Tangu uanze kunisaidia, katika banda hili nina uhakika na jambo moja tu. Risasi hazina kosa. Kama nisingekuwa na uhakika na hilo, ningekuwa nimeshapata wazimu.”

Nikamuuliza kama anataka chai.

22 Julai

Joto. Upepo kutoka kusini.

23 Julai

Joto.

27 Julai

Moshi wa misitu inayoungua upande wa magharibi umefika. Jua ni jekundu kama kiini cha yai la kienyeji, na kila kitu kina ladha ya jivu. Mama amepiga simu; wao bado wako mbali, mashine imekatika mkanda. Akauliza, “Babu yako anaendeleaje na bunduki yake?” Nikasema vizuri.

Naandika hapa mambo ambayo siwezi kusema kwa mdomo, na nimegundua kwamba kuyaandika hakumsaidii mtu.

2 Agosti

Orrin alikuja kula. Bibi alikuwa ameoka nyama ya kusaga na viazi juu yake. Walipomaliza, Babu akaniomba ufunguo. Nikauvua shingoni. Akaenda bandani, akarudi na kopo la Mgeni, akanirudishia ufunguo, akaliweka kopo mezani kati ya chumvi na siagi.

“Chukua,” akamwambia Orrin.

“La nini?”

“Lako limekaribia kwisha, unapiga kama umelipwa. Mimi sipigi mashindano ya Jumamosi. Nimeshamwambia Marlys alifute jina langu.”

Marlys Haugen ndiye msimamizi wa uwanja.

“Verl, usiwe mjinga.”

“Mjinga ni anayepoteza baruti nzuri. Wewe unajua kuitumia. Mimi nitakuja kukushikia darubini.”

Bibi aliendelea kukunja kitambaa chake kidogo, kidogo zaidi. Orrin alilitazama lile kopo kama mtu aliyeletewa mtoto amshike. Alikuwa mwekundu mpaka kwenye pua.

“Sikiliza,” akasema mwishoni. “Nitajaza hii hii kwa ajili ya Jumamosi. Yangu nitaiweka. Yaani baruti yako itafika yadi elfu hata kama wewe umegoma. Nikishinda, nusu ya kikombe ni yako. Utachagua nusu yenye mpini.”

Babu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni.

Orrin hujaza mpaka ukomo. Kiasi chake kimepimwa kwa Mgeni mtupu. Ndani ya kopo lile kuna Kongwe anayeungua haraka, hajulikani amekaa wapi, moto ukizidi bunduki inaweza kupasuka, na uso wa Orrin utakuwa kwenye komeo.

Sikusema mezani. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu sehemu nyingine ya daftari, nikaikata. Naiacha sasa. Sikusema mezani.

4 Agosti

Nilimpigia Orrin. Akapokea. “Haloo? Haloo? Kama ni watu wa bima, mwenye simu hii alishafariki.” Nikakata.

5 Agosti

Nilikwenda kwa baiskeli mpaka kwake. Nilitaka kulichukua kopo nilimwage mtaroni, basi, niitwe mwizi. Alikuwa gereji, mlango wazi, redio inaimba. Risasi zilikuwa zimeshajazwa, zimesimama kwenye sanduku lake la mbao, safu kwa safu.

“Britta. Babu yako amekutuma unipeleleze?”

“Hapana, Mzee Pruitt.”

“Mwambie zimependeza. Mwambie nimezijaza kwa heshima zote.”

Nikasema nitamwambia. Nikapanda baiskeli nikarudi, dhidi ya upepo njia nzima, nikilia kwa sauti, kwa sababu barabara ile haina mtu.

9 Agosti

Nitaandika taratibu.

Moshi ulikuwa umepungua kidogo. Magari yalikuwa mengi, kutoka kaunti zote za jirani. Wapigaji walilala kwenye mikeka yao katika mstari mmoja mrefu, na shabaha huko mbali zilionekana zinaogelea, kwa jinsi hewa ya moto ilivyokuwa ikichezacheza juu ya nyasi. Orrin alikuwa katikati ya mstari. Babu alikaa nyuma yake kwenye kigoda, jicho kwenye darubini, tayari kumsomea upepo. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba chupa ya kahawa.

Pembeni mwa uwanja kuna ubao uliopakwa rangi nyeupe. Babu ndiye aliyeuandika, kabla sijazaliwa. Mstari wa mwisho unasema kwamba mtu yeyote, awe mpigaji au mtazamaji, mkubwa au mtoto, akiona hatari anaweza kuita Sitisha, na wote watasimama bila kuuliza. Katika maisha yangu sijasikia ikiitwa. Darasani nilikuwa sinyooshi kidole hata kama jibu ninalo.

Marlys akasema kwenye kipaza sauti, “Wapigaji, tieni risasi.”

Orrin akachukua risasi ya kwanza kutoka kwenye lile sanduku la mbao. Akaipuliza, kama anavyofanya kila mara. Akaitia. Akafunga komeo.

Nikasema, “Sitisha.”

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimeisema kama mtu anayeomba chumvi. Shavu la Orrin lilikuwa linashuka kwenye kitako cha bunduki. Nikaiita tena, na sauti iliyotoka sikuijua, ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, kama ya mnyama. Chupa ikaanguka.

Babu aliruka kutoka kwenye darubini. Akaita, “Sitisha,” na mtu wa jirani akaita, na wa jirani yake, kama ilivyo desturi, kila mmoja akimpa mwenzake, mpaka neno likafika mwisho wa mstari kulia na mwisho wa mstari kushoto. Makomeo yote yakafunguliwa. Wote wakasimama wakarudi nyuma hatua moja. Nilisikia kahawa ikimwagika nyasini.

“Nani ameita?” Marlys akauliza.

Nikanyoosha kidole.

“Kuna nini, binti?”

Midomo ilikataa. Watu wote wale, na kofia zao, na mimi nimesimama na kidole juu. Babu akaja akainama. Ana harufu ya mafuta ya bunduki na sabuni. Nikamwambia sikioni: kikombe kimoja, Kongwe ndani ya kopo la Mgeni, tarehe kumi na moja mwezi wa sita, ni mimi. Nikasema ni mimi mara mbili.

Hakusogea. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na niliusikia ukiwa mzito, kisha ukiwa mwepesi, lakini haukuondoka. Nadhani alikuwa anarudi nyuma, siku kwa siku, ngazi baada ya ngazi, mpaka kwenye shati la kanisani.

Akanyooka.

“Orrin, toa hiyo risasi. Usipige hata moja ya sanduku hilo.” Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Ile baruti niliyokupa ina mchanganyiko. Nilimimina Kongwe ndani ya kopo la Mgeni mwezi wa sita. Mjukuu wangu ndiye aliyegundua.”

“Wewe?” Marlys akasema. “Makopo mawili mezani? Wewe, Verl?”

“Mimi.”

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi mdogo. Mwingine akasema, si kwa ubaya, “Uzee huo, jamani.”

Babu alikuwa amevaa kofia ya rangi ya chungwa, ya mwalimu wa usalama. Wote waliokuwa kwenye mstari ule, waliojifunzia hapa, walijifunza kwake. Aliivua kabla hajaombwa, akampa Marlys. Nywele zake zilikuwa zimelala kwa jasho. Marlys aliipokea kwa mikono miwili na hakujua atazame wapi.

Orrin alikuwa ameshika ile risasi katika vidole. Aliitazama, akamtazama Babu, akanitazama mimi. Akakaa akinitazama.

“Verl,” akasema, “mimi nimekufahamu tangu tuna nywele wote wawili. Na sijawahi hata siku moja…”

“Orrin,” Babu akasema.

Orrin akafunga mdomo. Akafunga na sanduku.

Ndipo ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Kila mtu alikuwa amenyamaza, tayari nimeshaita mara moja, sauti nilikuwa nayo. Sikusema. Niliinama nikaokota chupa.

10 Agosti

Orrin alilirudisha kopo; tumelimwaga lote nyasini, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Babu alitembea akilitikisa kidogo kidogo kama mtu anayelisha kuku. Kisha akakaa kwenye ngazi za nyuma. Nilikaa ngazi ya chini yake.

“Kwa nini umesema ni wewe?”

Babu aliliweka kopo tupu kando ya kiatu chake.

“Kumimina, mtu yeyote humimina,” akasema. “Haraka, njaa, akili imeruka. Ningekugombeza siku nzima na jioni tungekula.” Akafikicha magoti. “Lakini nilikwenda kwa daktari wa macho, Britta.”

Kulikuwa na nzige mahali fulani kwenye majani makavu.

Akasema, “Hawa watu majira ya baridi hawana kazi ila kukumbuka. Wewe una miaka kumi na minane. Mimi wameshaniita mzee kiangazi kizima, neno moja zaidi halinielemei.”

“Nitawaambia. Nitakwenda kwa Marlys leo.”

“Ukienda, utakuwa umenifanya mwongo mbele ya klabu nzima, juu ya yote mengine.” Alisema bila hasira. “Nimesema. Basi. Hata bibi yako asijue.”

Nikavua ufunguo nikampa. Nilitumaini atasema kaa nao. Aliutia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

16 Agosti

Desturi ya klabu: anayevunja sheria ya makopo hurudia masomo ya usalama pamoja na wanaoanza. Kwa hiyo leo Babu alikaa kwenye benchi katika ukumbi wa klabu, magoti yamefika kifuani, katikati ya watoto wa miaka kumi na kumi na miwili, na Marlys akafundisha akiwa amevaa kofia ya Babu. Nilikwenda nikakaa naye. Nilisema ni ili asiwe peke yake.

Msichana mmoja mwenye vikuku vya plastiki akamgeukia. “Babu, wewe umefanya nini?”

“Nimechanganya baruti.”

“Makopo mawili mezani?”

“Makopo mawili mezani.”

Akatikisa kichwa, kwa masikitiko kabisa. “Hata mimi najua hilo.”

“Nisaidie basi nikisahau tena,” Babu akamwambia.

Wote wakacheka. Marlys alipouliza sheria ya kwanza ni ipi, Babu alinyoosha kidole kama wengine na kungoja aitwe.

23 Agosti

Orrin amekuja na mtungi mdogo, amemgawia Babu nusu ya Mgeni wake. Babu alipima mwenyewe, alijaza mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni. Hakunifukuza, hakuniita.

Uwanjani alilala, akapiga, akapiga. Sikuhitaji darubini kujua, niliona mabegani mwake. Zilikaa pamoja, zote, mahali ambapo sahani ya chai ingezifunika, na kipima mwendo kikawa kinarudia karibu namba ile ile. Alikaa juu ya mkeka kwa muda akitazama mikono yake, mbele na nyuma.

“Mgeni,” akasema. “Mtutu umemchagua Mgeni. Basi haikuwa mikono.”

“Mikono yako ni mizuri kama uso wako ulivyo mbaya,” Orrin akasema. “Nilikwambia tangu Julai.”

“Julai ulinyamaza.”

“Nilinyamaza kwa adabu. Usizoee.”

Babu alipokwenda kuchukua shabaha, Orrin alibaki nami. Alijishughulisha na kifuniko cha chupa yake.

“Verl hajawahi kuweka makopo mawili mezani tangu dunia iumbwe,” akasema. “Siulizi kitu. Nasema tu kwamba uso wangu naupenda, pamoja na hii pua. Na ile siku uliita.” Akanigusa kofia kwa kidole kimoja. “Ahsante.”

Angenipiga kofi ningejua la kufanya. Nilitikisa kichwa tu.

1 Septemba

Kesho naondoka kwenda chuo. Baba na Mama wamerudi, wamekonda na wamekuwa weusi kwa jua. Baba amesikia mjini. Mezani akasema, kwa upole, kwamba labda Babu apumzike sasa na mambo ya baruti, umri ni umri. Babu akasema, “Labda,” akaomba siagi. Niliipitisha.

Asubuhi Bibi alikuwa anaanika shuka. Majani yote ya uani kwetu yamekauka kwa joto, yamekuwa rangi ya mkate. Lakini chini ya kamba kuna njia moja ya kijani kibichi, kizito, imepinda kama mtu aliyetembea huku anafikiri.

“Mbona hapa tu?” Bibi akauliza.

“Mbolea,” Babu akasema.

Bibi alimtazama, kisha akanitazama mimi, mdomoni ana kibanio cha nguo. Akakitoa, akabana shuka, akaendelea.

Daftari hili nitalichukua. Sitaki kulichoma, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee penye ukweli. Lakini vitu husahaulika kwenye mabweni, najua, na huenda siku moja wewe, nisiyekujua, ukawa umelishika mkononi. Kama umefika hapa, basi unajua ni nani aliyemimina. Ningefurahi ungewaambia wote, kuanzia Marlys mpaka yule msichana wa vikuku, nipumue. Usiwaambie. Aibu hii si yangu tena niitoe nitakavyo. Aliivaa yeye kichwani badala ya ile kofia, na kiangazi chote hiki aliniomba kitu kimoja tu. Tafadhali, mtunzie.